Machi 2025: Google, au habari za Goma zilipoa?

Chukua tovuti yoyote ya habari inayoandikiwa Goma, ufungue grafu ya mibofyo yake kutoka Google ya mwanzo wa 2025. Tarehe 27 Januari waasi wa M23 wanaingia mjini. Dunia nzima inaitafuta Goma kwenye Google na mstari unapaa. Katikati ya Februari inafuata Bukavu. Kisha tarehe 13 Machi Google inaanza sasisho kuu la mfumo wake wa kupanga matokeo ya utafutaji, linalokamilika tarehe 27. Aprili ikiingia mstari umelala, na lawama zote anatupiwa Google.

Si haki kuhukumu haraka hivyo. Ndani ya wiki hizo mbili Rais Tshisekedi wa Kongo na Rais Kagame wa Rwanda walikutana Doha, na kesho yake M23 wakaingia mji wa Walikale. Kiu ya wasomaji ilipanda na kushuka kwa sababu zake.

Jumla ya mibofyo haiwezi kutenganisha kushushwa na Google na kupoa kwa kiu hiyo. Ndani ya Search Console, zana ya Google inayoonyesha tovuti yako inavyotafutwa, weka tarehe 6 hadi 12 Machi kando ya 28 Machi hadi 3 Aprili, usome utafutaji mmoja mmoja. Ukurasa uliokuwa nafasi ya 3 ukibaki ya 3 huku idadi ya mara unazoonekana ikiporomoka, watu wameacha kuuliza. Waulizaji wakiwa walewale, nawe umetoka ya 3 hadi ya 11, hapo ndipo umeshushwa.

Nafasi ya wastani ya tovuti nzima ni mtego. Wakati wa vita tovuti ndogo huchomoza hata kwa neno tupu “M23”, ikiwa huko nyuma nafasi ya 40 na zaidi, na wastani unaharibika bila mtu kupoteza chochote. Vita vikitoka kwenye vichwa vya habari, wastani unapendeza wenyewe.

Kwa hiyo pima kwa maswali yasiyofuata mapigano: mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa 17 Januari 2002, kwa mfano, au ule wa 22 Mei 2021. Neno “Nyiragongo” peke yake halifai, maana ni volkano na pia ni teritwari iliyopiganiwa.

Maswali hayo tulivu nayo yakishuka, rudi kwenye maandishi. Tangu Machi 2024 Google imeingiza kipimo cha manufaa kwa msomaji ndani ya mfumo wake mkuu, na baadhi ya ishara hutazama tovuti nzima. Komunike ileile, ya jeshi au ya waasi, iliyobandikwa neno kwa neno kama ilivyo kwenye tovuti nyingine kumi, inaweza kuivuta chini hata ripoti uliyoifuata kwa miguu hadi Sake. Kuzifuta komunike zote kwa hasira sikubaliani nako, kwani baadhi ni kumbukumbu ya vita. Afadhali komunike za tukio moja ziwekwe kwenye ukurasa mmoja, chini yake aandike mwandishi aliyepiga simu kuzihakiki: nini kimethibitishwa, na nini kimekanushwa na wakazi.