Kuuguza, Kulea, Kutunza: Istilahi za Huduma ya Wazee Katika Kasulu na Kibondo

Wako wadhanio kwamba kazi ya kuunda istilahi imekwisha pale neno linapopatikana, likachapwa katika orodha na kupelekwa maofisini. Sisi tunashikilia kwamba hapo ndipo kazi inapoanza. Istilahi ya afya, hasa, haipimwi kwa uzuri wa sauti yake wala kwa asili ya mzizi wake tu. Hupimwa kwa kitendo inachomtuma mhudumu akitende, na kwa jibu inalompa mgonjwa aliyeulizwa. Katika makala haya tunakusudia kupima istilahi chache zitumikazo katika huduma ya wazee, na tumependelea kuzipima katika wilaya za Kasulu na Kibondo, huko nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, mbali na meza ambazo nyingi ya istilahi hizo zimetungwa.

Sababu za uchaguzi huo ni tatu. Kwanza, wazee wa Buha wengi wao hawakunyonya Kiswahili pamoja na maziwa ya mama. Wapo waliokipata katika mashamba ya mkonge walikokwenda kuwa manamba; wapo waliokipata katika vijiji vilivyoanzishwa kwa Operesheni Kigoma ya mwaka 1972; na wapo waliokipata katika madarasa ya elimu ya watu wazima ya miaka hiyo hiyo. Kiswahili chao ni kizuri na cha kutosha kwa mambo ya kijiji, lakini ni cha maneno ya wazi. Pili, tangu Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996, na tangu Nduta ilipofunguliwa tena mwezi Oktoba 2015, wahudumu wa afya wa wilaya hizo wamelazimika kuwahudumia pia wazee wakimbizi kutoka Kongo na Burundi, wenye Kiswahili cha namna nyingine au wasio nacho kabisa. Tatu, huko Kabanga, karibu na mji wa Kasulu, kuna hospitali na chuo cha uuguzi, na neno lifundishwalo chuoni halichukui muda kufika kitandani. Istilahi ikifaulu katika mazingira hayo, itafaulu popote nchini.

Tuanze na neno lenyewe la msingi: uuguzi. Asili yake ni kitenzi kuugua, ambacho kikitiwa kiambishi cha kusababisha huwa kuuguza, yaani kuwa na mgonjwa na kumhudumia. Kirundi, ambacho ni jamaa wa karibu mno wa lugha ya Waha, kina ujenzi huo huo: kurwara ni kuugua, na kurwaza ni kuuguza. Lugha hizi mbili zinakubaliana basi kwamba hakuna kuuguza pasipo ugonjwa. Kutokana na hayo, tunaposema “uuguzi wa wazee” bila kufafanua, tumekwisha kudai kwamba uzee ni maradhi.

Atatokea mtu wa kusema kwamba huo ni ubishi wa wanasarufi. Tungekubaliana naye kama dhana hiyo ingebaki vitabuni, lakini imetoka. Chukulia bibi wa miaka 70 aliyefika kwenye zahanati ya kijiji. Muuguzi kijana anamwamkia shikamoo, kisha anauliza, “Bibi, unasumbuliwa na nini?” Naye bibi anajibu, “Ni uzee tu, mjukuu wangu.” Ikiwa muuguzi naye amefundishwa, kwa neno kama si kwa somo, kwamba uzee ni ugonjwa, basi jibu limekamilika: ataandika uzee, atatoa vidonge vya maumivu, na bibi atarudi nyumbani na shinikizo la damu lake, au na mtoto wa jicho ambaye angeweza kuondolewa kwa upasuaji mdogo. Neno moja limefunga uchunguzi kabla haujaanza. Hatuna budi kusisitiza kwamba uzee ni umri, na umri hauna dawa wala hauandikwi mahali pa ugonjwa.

Liko jambo jingine katika neno hili. Kwa Waswahili tangu zamani, anayeuguza ni jamaa wa mgonjwa. Mtumishi akiomba ruhusa husema, “Ninauguza nyumbani,” na mkuu wake huelewa. Lakini jina muuguzi lilipopewa watu wa taaluma, yule jamaa alibaki na kitenzi bila jina. Warundi hawakupata hasara hiyo: jamaa anayemkalia mgonjwa wao humwita umurwaza, na mtaalamu wa hospitali humwita kwa neno jingine, umuforoma, walilolipata kwa njia ya Kifaransa. Wakongo wa Nyarugusu, kwa upande wao, mara nyingi humwita mtaalamu yeyote wa hospitali muganga, awe daktari au muuguzi. Kwetu sisi, mkwe au binti anayemgeuza mzee usiku wa manane, anayemwosha na kumlisha, huitwa kila mahali kwa jina tofauti: ndugu wa mgonjwa, mwangalizi, msaidizi, mlezi. Asiye na jina moja hana nafasi katika fomu, wala katika mafunzo, wala katika hesabu ya serikali. Na huyo ndiye abebaye sehemu kubwa zaidi ya huduma ya wazee katika nchi ambayo, kwa sensa ya mwaka 2012, ilikuwa na wazee zaidi ya milioni 2.5, yaani asilimia 5.6 ya watu wote.

Miongoni mwa majina hayo, mlezi ndilo tunalolikataa kwa nguvu zaidi. Kulea ni kukuza, na Kirundi nacho husema kurera kwa maana hiyo hiyo. Kinacholelewa ni kile ambacho bado hakijafika: mtoto, mche, chama kichanga. Mzee amekwisha kufika. Tukimpa mlezi, tumemrudisha utotoni kwa jina, na haichukui muda kabla ya vitendo kufuata jina. Hapo ndipo utakapomsikia mtu akimwamuru mtu wa umri wa babu yake, “Haya, kula! Fungua mdomo!” bila shikamoo wala tafadhali. Ndipo pia mzee aliyeanza kupoteza kumbukumbu husemwa kuwa “amerudia utoto”, au vibaya zaidi kuwa ana wazimu, ilhali ana ugonjwa wa ubongo wenye dalili zake na matunzo yake. Kuuita ugonjwa huo ugonjwa wa kusahau ni bora mara mia. Si jina kamili kisayansi, lakini halimwondolei mwenye nalo utu uzima wake.

Linabaki kutunza. Tunajua kwamba litapingwa. Litasemwa kuwa hutumika kwa vitu: hutunzwa fedha, hutunzwa kumbukumbu za ofisi, hutunzwa mazingira. Ni kweli. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba katika kila mfano huo kinachotunzwa ni chenye thamani kwa yule anayekitunza. Hakuna atunzaye takataka. Zaidi ya hayo, huko pwani kumtunza mwimbaji au mchezaji ngoma ni kumpa zawadi kwa kazi yake njema, na neno tuzo ni ndugu wa neno hilo. Basi katika kutunza zimo maana mbili tunazozitaka: kuhifadhi kwa uangalifu, na kulipa fadhila. Mtoto hulelewa kwa kile atakachokuwa; mgonjwa huuguzwa kwa kile kilichompata; mzee hutunzwa kwa kile alichokwisha kuwa. Sisi tunaona kwamba utunzaji wa wazee ndilo jina lifaalo huduma nzima, na uuguzi ubaki kuwa sehemu moja ndani yake, pale ugonjwa unapokuwapo kweli. Naye jamaa asiye na jina aitwe mtunzaji wa nyumbani.

Tunafika sasa kwenye neno lenye madhara makubwa kuliko yote tuliyoyataja: wasiojiweza. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na zaidi, na Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliahidi matibabu bila malipo kwa wazee wa umri huo wasio na uwezo. Katika matangazo, barua na hotuba, hao wasio na uwezo wamegeuka kuwa “wazee wasiojiweza”, kana kwamba maneno hayo mawili ni mapacha. Si mapacha. Asiye na uwezo, katika muktadha huo, ni mtu aliyekosa fedha ya kulipa. Asiyejiweza, katika masikio ya mwananchi wa Kibondo, ni mtu aliyeshindwa na mwili wake: hasimami, hajilishi, hajisitiri. Basi mzee mwenye jembe lake begani, ambaye bado anapanda maharage na mihogo lakini hana shilingi ya dawa, anapotakiwa athibitishwe na serikali ya kijiji kuwa hajiwezi, hushangaa, na wengine huona haya. Kwa upande wa pili, karani mwenye kulifuata neno kama lilivyo anaweza kumtazama mzee yule amesimama wima na kumwambia kwamba hana sifa. Kila mmoja ameelewa Kiswahili sawasawa, na haki imepotea katikati yao.

Kuna mfano wa karibu unaoonyesha njia nyingine. Zanzibar ilipoanzisha Pensheni Jamii mwezi Aprili 2016, iliamua kumlipa kila mkazi mwenye umri wa miaka 70 na zaidi, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati huo, pasipo kumpima mali. Hatusemi hapa lipi ni bora katika uchumi. Hilo si jukumu la waandishi wa istilahi. Tunasema tu kwamba huko mzee hakutakiwa kujitangaza kuwa dhaifu, maana neno la sharti lilikuwa umri. Bara, ambako sharti ni ukosefu wa uwezo, usahihi wa neno ni wajibu mkubwa zaidi, tena zaidi sasa ambapo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nayo imewatengea nafasi watu wasio na uwezo. Tunapendekeza iandikwe kila mahali wazee wasio na uwezo wa kulipa. Na wale walioshindwa na mwili waitwe wazee wasioweza kujihudumia. Ni maneno marefu kidogo. Lakini karatasi haijawahi kulalamika kwa urefu wa neno. Aliyelalamika ni mzee aliyerudishwa.

Tumalizie upimaji kwa jozi mbili za istilahi za kitaalamu. Huduma za kumrudishia mtu nguvu na matumizi ya viungo baada ya kiharusi au kuvunjika zimepewa jina la utengamao. Neno hili ni zuri. Mtu wa kawaida husema hali imetengamaa, na akielezwa mara moja kwamba utengamao ni mazoezi na msaada wa kumfanya baba asimame tena, haulizi mara ya pili. Huduma ya kumtuliza mgonjwa asiyetarajiwa kupona imepewa jina la tiba shufaa. Hapa tuna mashaka. Shufaa ni neno la dini, lenye maana ya kuombea mtu mbele ya mwenye mamlaka. Na anayelijua atalichanganya na shifaa, ambayo ni kupona, jambo lile lile ambalo huduma hii haiahidi. Asiyelijua, nao ndio wengi katika Kasulu, hapati kitu. Familia inapoambiwa kwamba bibi yao anahamishiwa tiba shufaa, yafaa ifahamu papo hapo kwamba kazi iliyobaki ni kuondoa maumivu na kumkalia. Neno limekwisha kuenea, na kulifuta si rahisi. Lakini lisitamkwe peke yake mbele ya wenye mgonjwa. Lifuatane na maelezo: matunzo ya kutuliza.

Jozi ya pili ni ya vidonda. Baadhi ya maandishi husema vidonda vya mgandamizo. Ni sahihi, ila hakimwambii mtunzaji wa nyumbani la kufanya. Vidonda vya kulalia humwambia: mzee amelalia upande mmoja mno, basi na ageuzwe, kila baada ya saa 2. Hilo ni jina lililobeba kinga yake ndani yake.

Msomaji wa umri wetu atakumbuka kampeni ya redio ya mwaka 1973 iliyoitwa Mtu ni Afya. Mamia ya maelfu ya wananchi walichimba vyoo kwa kusikiliza maneno yaliyoeleweka tangu siku ya kwanza. Vijana waliokaa katika vikundi vile vya wasikilizaji ndio wazee wa leo. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Namba 27 ya mwaka 1967, lilipoanza kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu mwaka 1974, lilikuwa likizungumza na kizazi hicho hicho. Tunawaomba wafasiri, walimu wa vyuo vya uuguzi na maofisa wa halmashauri wafanye jambo moja kabla ya kuchapa istilahi yoyote ya huduma ya wazee: waitamke mbele ya mzee wa Kasulu au Kibondo, kisha wamwombe aeleze amesikia nini. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Basi na tuyapeleke maneno yetu penye wazee.