Paa la Elimo Njau

Rafiki yangu mchoraji hapa Kakamega anataka kukodi chumba afungue galeri. Nikamwambia, ebu muangalie Elimo Njau kwanza.

Mzaliwa huyo wa Marangu alisomea sanaa Makerere. Mwaka 1959, Hali ya Hatari haijaondolewa, akachora picha tano ukutani mwa kanisa la Murang'a: Yesu mweusi, vilima vya hapo hapo nyuma yake. Kisha 1965 akawa mmoja wa walioanzisha Paa ya Paa, Nairobi. Jina linacheza na mnyama paa na kupaa, lakini mimi husikia pia paa la nyumba, maana tangu hapo alizoeleka kama mwenyeji wa kazi za wengine. Moto wa 1997 uliteketeza nyingi, akaendelea.

Ni rahisi kusema galeri ilimmeza mchoraji. Sikubali. Ule ukuta haukuwa wa kuuzwa, waumini waliingia kusali wakaukuta. Paa ya Paa ni wazo lile lile, ila sasa lina bili ya stima. Lakini wacha niseme ukweli: sijaona kazi yake nyingine inayonishika kama Murang'a, na hilo linaniuma.

Rafiki yangu ameniuliza, sasa atachora saa ngapi? Sijamjibu.