Deni au Makosa? Fasiri ya Msamaha Kibera na Kawangware

Katika sala ambayo Yesu aliwafundisha wanafunzi wake (Mathayo 6), Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 ilitumia neno deni pale ambapo Wakatoliki husema makosa. Tofauti hii huonekana ndogo na kwa kawaida huachiwa wataalamu wa fasiri. Msomaji wa Kibera au Kawangware hawezi kuichukulia hivyo.

Kosa ni tendo. Likishatendwa limepita, na anayelisamehe huusafisha moyo wake. Deni halipiti. Lina mwenyewe, lina kiasi, na mwenye haki ya kulifuta ni anayedai peke yake. Union Version ililifuata neno la Kigiriki kwa uaminifu, kwa hiyo mfasiri hana lawama. Linalostahili uhakiki ni namna neno hilo linavyosomwa mahali ambapo ugomvi wenyewe umekuwa wa kodi na nyumba. Mwishoni mwa 2001 wapangaji wa Kibera na wenye nyumba, wengi wao Wanubi, walipigana juu ya kiwango cha kodi, na watu wakafa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 reli ya Kibera iling'olewa, soko la Toi likateketea, na baadhi ya nyumba za waliokimbia zikakaliwa na wengine. Kawangware nayo ilishuhudia maduka yakichomwa siku moja baada ya uchaguzi wa marudio wa Oktoba 26, 2017.

Mahubiri yanayowataka majirani "wasameheane" yanategemea kauli ya kutendana, ambayo huwasawazisha watendaji wake. Aliyepoteza nyumba na aliyeihamia wanakuwa kiima kimoja cha kitenzi kimoja. Sarufi imefuta deni kabla mwenye kudai hajaulizwa.

Mathayo 18 haina usawa huo. Mfalme humfutia mtumwa talanta 10,000 kwanza. Dinari 100 za mtumwa mwenzake zinakuja baadaye. Rehema inaanzia kwa mwenye uwezo. Kwa kipimo hiki, Baraza la Kitaifa la Makanisa Kenya liliisoma sura hiyo vizuri kuliko wahubiri wengi lilipokiri hadharani mwaka 2008 kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wameegemea pande za kisiasa. Machi 26, 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni kwa niaba ya serikali na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa walioathirika. Ingawa, bila shaka, kutangaza si kulipa.

Kiswahili kina neno moja, kodi, kwa malipo ya mpangaji na kwa ushuru wa serikali. Pengine ndiyo maana Zakayo wa Luka 19 ameingia kwa urahisi katika mazungumzo ya mitaani, tangu Wakenya walipoanza kumwita Rais William Ruto kwa jina hilo mwaka 2023. Wenye mzaha wanamkumbuka mtoza ushuru aliyepanda mkuyu. Aya ya nane, ambamo anaahidi kurudisha mara nne, haimo katika mzaha wao, wala haisikiki sana mimbarini.