Ukwapi Bila Utao: Fidla Nne za Ziwa Viktoria

Msikilizaji wa pwani anaijua fidla. Ameizoea katika taarabu, ikiandamana na kanuni na udi, vyote vikiufuata wimbo mmoja na kila chombo kikiutia nakshi yake. Kwa hiyo utungo wa Justinian Tamusuza wa Uganda, "Mu Kkubo Ery'Omusaalaba", humtatanisha mwanzoni. Fidla mbili, viola na selo zinalia, lakini wimbo wenyewe haumo mikononi mwa yeyote.

Kundi la Kronos Quartet la Marekani liliurekodi katika santuri ya Pieces of Africa, iliyotoka mwaka 1992 ikiwa na kazi za watunzi saba. Tamusuza, aliyezaliwa mwaka 1951, alisomea utunzi Marekani na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Makerere. Ufunguo wa kazi yake ni amadinda, marimba ya Kiganda yenye mbao 12. Wapigaji wawili huketi wakitazamana. Mmoja hugonga, mwenzake hujaza nafasi zilizobaki kwa kasi ile ile, na wa tatu huokota baadhi ya sauti na kuzirudia juu. Sikio hupata wimbo ambao hakuna aliyeupiga peke yake. Ufundi huo ndio alioupeleka Tamusuza kwenye nyuzi zinazodonolewa, na ndipo ulipo upya wake: hakuipamba fidla kwa Uafrika, bali aliifundisha kusikilizana namna nyingine.

Anayeisikiliza santuri hii Mwanza, kusini mwa ziwa hilo hilo, ana kipimo cha ziada. Katika bugobogobo, ngoma ya jembe ya Wasukuma ambayo huchezwa pia Bujora, mapigo ya ngoma na majembe yanayorushwa hewani yanakumbusha kazi ya shambani, ambako wengi walilima kwa mwendo mmoja. Ngoma ile ina mahali pa kila mkono. Ukiipima santuri kwa kipimo hicho, unaona usafi wa Kronos na upungufu wake pamoja: wanne wanatosheana mno, na msikilizaji habakiziwi pa kuingilia.

Lawama kubwa zaidi, hata hivyo, si ya wapigaji. Jina la utungo maana yake ni "Katika Njia ya Msalaba", na kilichotiwa katika santuri ni "Ekitundu Ekisooka", yaani sehemu ya kwanza tu. Mpenzi wa mashairi atalitambua kosa hili upesi: amepewa ukwapi, akanyimwa utao. Sehemu ile ni nyepesi, karibu ya kuchezeka, na peke yake humfanya Tamusuza aonekane mtunzi wa furaha tupu. Lakini njia ya msalaba ina vituo vingi, na furaha ya mwanzo hupata uzito wake kwa yale yanayofuata. Santuri hii inastahili kusikilizwa, na kurudiwa. Ila asiyesikia zaidi ya hapo asidhani amemsikia Tamusuza, amesikia anavyoanza.