Sifa za Kung'oa

Nyumba za zamani za mashambani kati ya Ruiru na Thika, Kenya, zinaondoka moja baada ya nyingine. Reli ilifika Thika mwaka 1913, mashamba ya kahawa na mkonge yakastawi, na wenyewe wakajijengea nyumba zenye sakafu za mvule na muhugu. Tangu Barabara ya Thika ikamilike kupanuliwa mwaka 2012, mashamba hayo yamekuwa yakikatwa ploti, na tingatinga halibagui ubao na tofali.

Sakafu ya mbao zilizookolewa humo ikipendeza, sifa humwendea fundi aliyeipanga. Mimi sifa zangu nampa aliyezing'oa.

Mbao ndefu za sakafu huungana kwa ulimi: ulimi wa ubao huingia katika mfereji wa mwenzake, na msumari hupigwa kimshazari kwenye ulimi ili usionekane. Ndiyo maana anayeng'oa hana budi kuanzia pale mpangaji alipomalizia, akirudi nyuma ubao kwa ubao. Huingiza mtarimbo karibu na msumari, huinua kidogo, husogea kwenye msumari unaofuata, huinua tena. Akikurupuka, ulimi unapasuka, na ubao usio na ulimi ni kuni. Misumari nayo huivuta kwa koleo kutokea mgongoni mwa ubao, kwa maana ukiigonga irudi juu, vichwa vyake vitapasua ulimi.

Vibao vya parketi vina tabu yake, kwa kuwa vilibandikwa kwa lami juu ya zege. Fundi mjuzi huikwangua asubuhi na mapema, lami ikiwa bado baridi na inakatika vipande. Jua likishapanda inalainika, inanata kwenye patasi na kuziba msasa.

Jasho hilo lina malipo. Muhugu hukua polepole mno, na mvule uliokomaa hauji sokoni kila siku. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, Februari 2018, wengi walitambua jinsi mbao ngumu zilivyo adimu. Ubao uliokaa ndani miongo mingi umekwisha kunywea na kupinda kadiri ya kupinda kwake. Hata hivyo, ulaze kwanza katika chumba utakakotumika, ukitenganisha safu kwa vijiti ili hewa ipite, na ukiupanga uache nafasi ya upana wa kidole ukutani, ifichwe na skatingi. Ukiupiga msasa, weusi wa miaka unatoka, na muhugu unanukia upya kana kwamba umepasuliwa jana. Mvule wenyewe hujitetea: ndani yake huwa na mawe magumu yanayofisha meno ya msumeno, na vumbi lake huwasha pua. Vaa barakoa.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Na kubomoa nyumba si mwisho wa useremala, ila tumefanya iwe hivyo kwa namna tunavyolipa. Anayebomoa hulipwa kwa wepesi wa kuacha ploti tupu, basi huvunja. Mwenye nyumba anayetaka sakafu yenye umri amlipe kwa kila ubao utakaotoka mzima. Gharama itapanda, ndiyo, lakini atakuwa amenunua mti ambao hakuna shamba la miti litakaloweza kumpa katika maisha yake.