Natal Ilipokosa Ishara

Tangazo la Arianespace la usiku wa Januari 25, 2018 lilikuwa kosa, ingawa kila neno lake lilikuwa kweli. Waliotazama roketi ya Ariane 5, safari VA241, ikiruka kutoka Kourou wanakumbuka: dakika 9 na sekunde 26 baada ya kuruka, hatua ya juu ikiwa ndiyo kwanza imewashwa, kituo cha Natal, Brazili, hakikupata telemetria, na ukimya ukaendelea hadi mwisho wa safari ya injini. Baadaye tukaambiwa kwamba setilaiti zake mbili, SES-14 na Al Yah 3, zimejitenga, zinawasiliana na vituo vyao na ziko kwenye obiti. Obiti ipi? Mwinamo uliotakiwa ulikuwa nyuzi 3, na setilaiti zilikuwa zikizunguka kwa nyuzi 20 na ushei. Mteja hakulipia kufika angani tu. Alilipia mahali maalumu angani, na hapo ndipo tangazo liliponyamaza.

Ukimya wa Natal ulikuwa onyo tosha. Antena ya ufuatiliaji hutazama kipande chembamba cha anga, pale ambapo hesabu za kabla ya safari zinasema roketi itachomoza. Isipochomoza, ama mtambo wa kurushia ishara umekufa, ama kituo kina hitilafu, ama roketi imepita kwingine. Tume ya uchunguzi ilithibitisha hilo la tatu: tangu sekunde za mwanzo njia ilikuwa imepinda nyuzi 20 kuelekea kusini, kwa sababu mfumo wa inersha ulipangiwa azimuthi ya nyuzi 90, kama ilivyozoeleka kwa safari nyingi za obiti ya mpito, badala ya 70 iliyohitajika. Roketi iliyopangwa hivyo haiwezi kujua kwamba imepotea. Dira yake imekosewa kabla haijanyanyuka, kwa hiyo namba inazotuma zinalingana na mpango hata kama yenyewe hailingani. Telemetria inapoonyesha hali ya kawaida, inaeleza kile roketi inachoamini. Mahali ilipo hasa hupimwa na rada na antena za ardhini, na shahidi huyo wa nje, pale Natal, alikuwa ameshasema.

Watetezi hujibu kwamba vipimo vya obiti vya saa ya kwanza huwa vya kukadiria. Ni kweli, lakini makadirio hutolewa pamoja na kiwango chake cha makosa, na tofauti ya nyuzi 17 haifichiki ndani ya kiwango chochote cha heshima. Wengine husema haikufaa kuzua taharuki kwa antena moja iliyokosa ishara. Sawa, basi ingesemwa wazi kwamba obiti bado haijapimwa. Kampuni hiyo hiyo, Agosti 22, 2014, ilitangaza ushindi wa setilaiti mbili za Galileo kabla haijabainika kwamba hatua ya juu ya roketi, Fregat, ilikuwa imeziacha kwenye obiti isiyo yake. Miaka zaidi ya mitatu haikutosha kujifunza kupima kwanza.

Linganisha na usiku wa kurushwa kwa Explorer 1, setilaiti ya kwanza ya Marekani, Januari 31, 1958. Viongozi wa mradi huo, Pickering, von Braun na Van Allen, walikuwa Pentagon wakisubiri California isikie ishara baada ya mzunguko wa kwanza. Dakika iliyokokotolewa ilifika, ikapita, na kimya kikadumu kama dakika nane zaidi. Hawakutangaza kitu. Ishara ilipopatikana, ule ucheleweshaji wenyewe uligeuka kuwa data: obiti ilikuwa ya juu kuliko ilivyopangwa, kwa hiyo mzunguko ulikuwa mrefu zaidi. Walikuwa na vyombo duni mno kuliko vya Kourou, lakini walijua tofauti kati ya njia iliyotarajiwa na njia iliyopimwa.

Tukirudi 2018, injini za VA241 zilifanya kazi yake vizuri, na tume ilitoa matokeo ndani ya mwezi mmoja. Kunyoosha mwinamo kuliachiwa setilaiti zenyewe: SES-14 ikachelewa wiki kadhaa kwa injini zake za umeme, na Al Yah 3 ikachoma mafuta iliyoyabeba kwa ajili ya kazi nyingine.