Wasifu wa Siti Binti Saad na uzuri wa maisha yenye ila

WAHENGA walinena kuwa hakuna kizuri kisicho na ila. Ajabu ni kwamba mwanafunzi akiombwa ataje shujaa katika kazi za Shaaban Robert, hukimbilia wahusika wasio na ila hata chembe: Karama wa Kusadikika (1951) au Adili wa Adili na Nduguze (1952). Majina yao tu yamekwisha kutueleza ni watu wa aina gani. Tunawastahi, naam, lakini kuwapenda? Hapo pana kazi.

Hoja yangu ni kwamba binadamu aliye hai zaidi katika maandishi ya gwiji huyo hakubuniwa. Ni Siti Binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyefariki mwaka 1950, na ambaye wasifu wake ulichapishwa mwaka 1958.

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika familia maskini. Shule hakuiona. Wala hakusifiwa kwa sura. Mahasimu wake walimwimbia nyimbo za kejeli, eti ni mtu wa shamba aliyekuja mjini. Alitembeza vyungu akiuza, na inasimuliwa kuwa sauti yake ilikomaa njiani humo, akinadi bidhaa. Kumbe uzuri haukumngoja aviache vyungu ndipo uanze!

Hata baada ya kurekodi santuri Bombay mwaka 1928, hakuyapa kisogo ya mtaani. Wimbo wake kuhusu Kijiti unatokana na mauaji ya mwanamke aliyekuwa mgeni Unguja, ambapo muuaji alitoroka na mashahidi wakaishia kuadhibiwa. Taarabu iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu katika kasri la Sultani ikaanza kusema mambo ya watu wa kawaida, kwa Kiswahili chao.

Shaaban Robert mwenyewe hajaacha mazoea. Kila mara husimamisha kisa ili atoe mawaidha, na utadhani anataka kumtakasa Siti awe Adili wa kike. Bahati njema, maisha ya Siti yanamkatalia. Vyungu, umaskini na kejeli havifutiki, na ukivifuta, sauti yenyewe haina ilikotoka.

Kwa nini jambo hili litushughulishe leo? Hebu soma insha za wanafunzi wetu. Kila msichana ni mrembo kama hurulaini, kila nyumba ni kasri. Mtoto anayemsaidia mamake kuuza sukuma wiki jioni haandiki habari za kibanda hicho, kwani tumemfunza kuwa fasihi hukaa kwingine. Walimu, mpeni mtoto huyo wasifu wa Siti, kisha mwambieni aandike juu ya kibanda: matope yake, kelele zake na utani wa wateja. Alama za hurulaini zinaweza kusubiri.